Uhakika wa Kuazima

Mwezi uliopita tulikuwa watano katika darasa tupu, Ijumaa usiku, kompyuta tumeiweka juu ya meza ya mwalimu. Tulitazama sehemu ya kwanza ya Kill Bill, filamu ya Quentin Tarantino iliyotoka mwaka 2003. Ilipokwisha hakuna aliyeondoka. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa, kisha tukaendelea kubishana nje kwenye ngazi. Mmoja wetu anatoka Gulu, mwingine Mbarara, sisi wengine ni Waganda. Kwa kuwa sote tunasomea Kiswahili, tulibishana kwa Kiswahili, na kila aliyeishiwa hoja alimkosoa mwenzake ngeli.

Swali lililotukosesha usingizi ni hili: kuna ubaya gani kufurahia katika filamu kitendo ambacho ukikiona barabarani utatapika? Filamu ilipotoka, Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago, aliipa nyota nne, yaani zote alizokuwa nazo. David Denby wa jarida la The New Yorker aliiona kuwa takataka. Watu wazima wenye elimu yao walitazama panga zilezile na damu ileile, kila mmoja akashika njia yake. Sisi watano wa kwenye ngazi tungekubaliana vipi?

Kwa asiyeiona, kisa chenyewe ni chepesi. Mwanamke mjamzito, ambaye katika sehemu ya kwanza hatuambiwi jina lake, yuko katika kanisa dogo huko El Paso, Texas, akifanya mazoezi ya harusi yake. Wenzake wa zamani, kikosi cha wauaji wa kukodiwa, wanaingia na kuwaua waliomo. Yeye anapigwa risasi ya kichwa na kiongozi wao, Bill, ambaye ndiye baba wa mtoto aliye tumboni. Hafi. Anapoteza fahamu kwa miaka minne, anaamka tumbo likiwa tupu, anaandika orodha ya majina matano na kuanza safari. Yaliyobaki ni mapambo: suti ya manjano inayofanana na ile ya Bruce Lee katika filamu iliyotoka baada ya kifo chake, upanga uliofuliwa na fundi wa Okinawa, muziki uliookotwa kila pembe ya dunia, na pigano kubwa katika mkahawa wa Tokyo ambamo mikono inaruka na damu inachuruzika kwa nguvu kama maji ya mpira uliotoboka. Kisha bustani yenye theluji, na ukimya.

Mwenzetu wa Mbarara ndiye aliyeanza. Alisema hakuna cha kujadili kwa sababu hakuna mtu anayekufa katika filamu ile, kinachomwagika ni rangi. Katika nakala iliyoonyeshwa Marekani pigano la mkahawani linageuka ghafla kuwa jeusi na jeupe ili kuwaridhisha wanaopanga madaraja ya filamu. Katika nakala ya Japani rangi zimebaki. Damu unayoweza kuizima kwa kuiondolea wekundu, alisema, si damu. Anayeililia ni sawa na mtu anayelilia kete za drafti zilizoliwa.

Hoja hiyo naikubali nusu. Inaeleza kwa nini hatuogopi, lakini haielezi kwa nini tunafurahi. Rangi nyekundu peke yake haimfurahishi mtu. Ingekuwa hivyo tungekusanyika kutazama mafundi wakipaka mageti. Tunafurahi kwa sababu tunaamini kwamba anayekatwa anastahili kukatwa. Ondoa kanisa la El Paso, acha panga. Sasa ni mwanamke aliyeingia mkahawani na kuwakata watu waliokuwa wakinywa. Nani angempigia makofi?

Mimi nilikuwa nimeiona filamu hii zamani, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kwetu, katika kituo cha biashara kando ya barabara ya Masaka. Kibanda cha video kilijengwa kwa mbao na mabati, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mabenchi hayana migongo, kiingilio shilingi mia tano. Nje paliwekwa ubao wenye orodha ya filamu za siku, iliyoandikwa kwa chaki. Kwetu filamu za kigeni hutufikia kupitia kwa VJ, msimulizi anayezungumza Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Hutafsiri kidogo, hueleza sana, humtukana adui na kumshangilia shujaa. Kwa VJ wa siku ile mkahawa wa Tokyo ulikuwa baa ya Kabalagala, na bi harusi alikuwa Nakato. Tulikuwa na maoni yetu tayari kabla hatujayafikiria, kwa kuwa VJ alikwisha kutupa. Aliposema huyu ni mbaya, mbaya alikuwa mbaya mpaka mwisho.

Jina la kwanza kuonyeshwa likifutwa ni la Vernita Green, ambaye sasa ni mama wa nyumbani huko Pasadena. Yeye na bi harusi wanapigana kwa visu sebuleni, vioo vinavunjika, na katikati ya pigano basi la shule linasimama mbele ya nyumba. Anaingia Nikki, binti wa Vernita, ana miaka minne. Wanawake wawili wanaficha visu migongoni kama watoto walioiba sukari. Baadaye, jikoni, Vernita anampiga bi harusi risasi kwa bastola iliyofichwa ndani ya boksi la chakula cha asubuhi. Anamkosa, naye anapigwa kisu cha kifua. Nikki amesimama mlangoni. Bi harusi anamwambia mtoto kwa utulivu kwamba akikua na jambo hili likiwa bado linamuuma, atamsubiri.

Hapo VJ akapaza sauti: “Sehemu ya tatu imezaliwa!” Kibanda kizima kikacheka, nami nikiwamo. Leo naona kwamba kicheko kile kilikuwa na akili kuliko sisi tuliocheka.

Nimerudi kulitazama jambo hili tena na tena. Kwa mpangilio wa matukio, Vernita ni wa pili. O-Ren Ishii wa Tokyo aliuawa kwanza. Tarantino amepindua. Ametuonyesha yatima mwanzoni, ndipo akatupeleka Japani kufurahi. Kwa hiyo anayesema filamu hii haiwazi lolote kuhusu kisasi hakuitazama vizuri. Lakini na anayesema kwamba ni filamu ya kukipinga kisasi ana kazi, kwa maana sehemu zote mbili zinachukua zaidi ya saa nne na Nikki hatumwoni tena. Mwisho wa sehemu ya pili bi harusi amemuua Bill na kumpata binti yake aliyedhani amekufa. Asubuhi mtoto anatazama katuni, mama amelala sakafuni bafuni akilia na kucheka. Mtoto yule naye amempoteza baba kwa mkono wa mama, na filamu haina muda wa kumuuliza.

Mwenzetu wa Gulu alikuwa kimya mpaka tulipofika kwa O-Ren. Utoto wa O-Ren umesimuliwa kwa katuni ya Kijapani: ana miaka tisa, amejificha chini ya kitanda, damu ya mama yake inamdondokea kupitia godoro. Akiwa na miaka kumi na mmoja analipiza kwa mkono wake, na tangu hapo kuua kunakuwa kazi yake. Tulimhurumia kwa dakika kumi hivi. Kisha alipokatwa utosi kwenye theluji tukasema ahaa.

“Kwetu hao tumekuwa nao wengi,” alisema mwenzetu. Akamtaja Dominic Ongwen, aliyetekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, akakua humo msituni mpaka kuwa kamanda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani mwaka 2021 kwa makosa 61, ikampa kifungo cha miaka 25. Majaji walizingatia kwamba yeye mwenyewe alitekwa utotoni. Isingekuwa hivyo adhabu ingekuwa nzito zaidi. Mwenzetu alisema nyumbani kwao kuna wanaoiona miaka hiyo kuwa michache na wanaoiona kuwa mingi, na wakati mwingine ni watu wa meza moja. Filamu, alisema, inamtendea O-Ren jambo ambalo ni rahisi mno. Inatufungulia utoto wake ili tumpende, kisha inamuua bila utoto ule kupunguza hata nusu ya pigo.

Nilimwuliza kuhusu mato oput, desturi ya Waacholi ambayo tumeisikia madarasani kama dawa ya kila kitu. Akacheka. Akasema kwanza wazee hukaa na kusuluhisha, na huenda ikachukua muda mrefu. Ukoo wa muuaji hukiri, fidia hulipwa, ndipo pande mbili hunywa pamoja mchanganyiko wenye mzizi mchungu wa mti wa oput. Iliwekwa kwa ajili ya kifo ambacho muuaji wake anajulikana na ukoo wake unajulikana. Kwa vita ambamo watoto waliwaua watu wasiowajua, katika vijiji wasivyovijua, kinywaji kile kinamtafuta wa kukinywa. “Na isitoshe,” aliongeza, “nani angelipa mia tano kuitazama? Filamu nne nzima, wazee chini ya mti wanahesabu ng’ombe.”

Tulicheka, lakini neno lake la kuhesabu lilinirudisha kwenye neno letu wenyewe. Kisasi limetujia kutoka Kiarabu, qisas, na humo ndani mna wazo la usawa: kulipwa kadiri ya ulichotendewa, si zaidi, na wenye damu yao wakiwa na ruhusa ya kusamehe au kupokea dia. Lilipokaa vinywani mwetu kipimo kikadondoka, ikabaki hasira. Bi harusi naye anaanza na kipimo. Majina ni matano, yameandikwa kwenye karatasi. Hata kijana mmoja wa mkahawani anamwacha hai, anamchapa matako kwa ubapa wa upanga na kumtuma arudi kwa mama yake. Lakini kabla ya hapo, ili kulifikia jina moja, amekata walinzi wengi ambao hawakuwapo El Paso. Hao nani aliwaandika? Nao wana mama zao. Tena yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa kikosi kile na aliishi kwa kuua kabla ya kutaka kuolewa. Bila shaka kuna karatasi mahali fulani yenye jina lake, ambayo hakuna aliyeitengenezea filamu.

Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, Shylock anaidai ratili yake ya nyama na mahakama inamshinda kwa kumkubalia. Chukua, anaambiwa, lakini ratili kamili, pasipo tone la damu. Tulipoisoma darasani nusu yetu tulimwonea Portia kijicho kwa ujanja wake na nusu tulimhurumia Shylock. Ninachokiona sasa ni kwamba kisasi hakiwezi kustahimili mizani. Ukikiwekea mizani mbele yake kinajikwaa. Pengine ndiyo maana filamu zinakipenda na mahakama zinakiogopa.

Sasa nieleze kilichotokea katika kibanda kile, siku ileile au Jumamosi nyingine ya mwezi ule. Katika kumbukumbu yangu zimeshikana. Filamu moja ilikuwa imekwisha na nyingine haijawekwa. Nje mtu akapiga kelele, “Mubbi!”, yaani mwizi. Kibanda kikamwagika barabarani. Kijana mmoja alikuwa amekamatwa karibu na kituo cha bodaboda, inasemwa ameiba simu, ile ndogo yenye tochi. Alikuwa mgeni. Alipojitetea alisema kwa Kiswahili, nasi katika umri ule tulijua kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Bibi yangu, nilipomwambia ninasomea Kiswahili chuoni, aliniuliza ni lini naenda kuchukua bunduki. Basi kwa umati ule lugha yake ilikuwa ushahidi wa pili. Ushahidi wa kwanza ulikuwa kwamba kuna mtu aliyepiga kelele.

Sikumbuki kuinama, lakini nakumbuka kipande cha tofali mkononi mwangu. Sikukirusha. Wala sikukitupa chini. Nilikwenda nacho mpaka nyumbani. Nakumbuka pia kwamba sikuwa na shaka hata kidogo. Ulikuwa uhakika uleule wa kwenye benchi, wa kumjua mbaya ni nani, umenisindikiza nje ya mlango kama harufu ya moshi inavyokaa kwenye nguo. Tofauti ni kwamba El Paso nilikuwapo. Kamera ilinipeleka, nikaona nani alishika bastola. Hapa hakuna nilichokiona.

Aliyemwokoa yule kijana hakuwa polisi wala mchungaji. Mwenye kibanda alisimama mlangoni akatangaza kwamba filamu ya pili inaanza na kwamba anayechelewa atalipa upya. Nusu ya watu wakarudi ndani. Waliobaki wakapungukiwa na moto, na madereva wawili wa bodaboda wakampakia wakaenda naye. Kama simu ilipatikana, kila mtu wa pale ana jibu lake.

Kuna neno alilolirudia ambalo sikulielewa, likabaki na mimi kama sauti tu. Miaka mingi baadaye, katika muhula wa kwanza, mwalimu alitufundisha namna ya kuamuru watu wengi na kuweka kiambishi cha mtendwa. Akaandika ubaoni: nisikilizeni. Nililinakili kama wengine. Mwenzangu wa kando aliniuliza kama ninaumwa.

Nasoma magazeti ya Tanzania kwa ajili ya lugha, na humo nimekutana mara nyingi na maneno “wananchi wenye hasira kali”. Mtu ameuawa, na waliomuua ni wananchi wenye hasira kali, kana kwamba ni kikosi chenye sare, na kana kwamba hasira ni kitambulisho kinachotosha. Hakuna mwandishi anayeuliza hasira ile ilikuwa ya nani. Yangu ilikuwa ya Nakato. Niliiazima gizani kwa shilingi mia tano nikaitumia kwa mtu ambaye hajawahi kufika Texas.

Hayo ndiyo niliyowaeleza wenzangu pale kwenye ngazi, na niliyaeleza vizuri, naona haya kusema, kwa kuwa nilikuwa nimeyapanga kichwani siku nyingi. Nilisema filamu ya kisasi inatuuzia uhakika ambao maisha hayana. Wa Mbarara akasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, ishara kwamba amekubali. Nikadhani tumemaliza.

Mwenzetu wa tano alikuwa hajasema neno. Ni msichana anayekaa mbele darasani na ambaye husema akiulizwa. Aliniita kaka, jambo ambalo hafanyi, akaniambia hivi: “Unasema uhakika hakuna. Shangazi yangu anao. Alikuwapo.”

Shangazi yake alipigwa na mtu anayejulikana na mtaa mzima, akavunjwa mkono na meno. Walikwenda kituoni. Waliombwa pesa za mafuta ya gari, wakatoa. Faili likapotea, wakaandikisha lingine, nalo likapotea. Mtu yule ana duka. Kila asubuhi shangazi akienda kuchota maji anampita, na mtu anamwamkia kwa adabu, na shangazi anaitikia, kwa kuwa kwetu mwanamke asiyeitikia salamu ndiye anayesemwa. Mambo haya yana miaka sita. Msichana alisema yeye hakuona rangi wala kete za drafti katika filamu ile. Aliona mwanamke aliyeandika majina kwenye karatasi, na karatasi haikupotea.

Nilijaribu kusema kwamba hata hivyo, watoto wa mwenye duka. Akasema anawajua, wawili, mkubwa anasoma na mdogo wake. Nilijaribu kusema kwamba kosa langu lilikuwa kuchukua uhakika usio wangu, kwamba uhakika wa shangazi ni wake na hakuna anayemnyang’anya. Akaniuliza ataufanyia nini. Akaniuliza pia, bila ukali wowote, kama katika miaka yangu yote ya vibanda nimewahi kuona umati ukitoka nje kwa ajili ya mwanamke aliyepigwa na mtu anayejulikana. Nilifikiri kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nikamwambia sijawahi.

Mlinzi alikuwa amekwisha kufunga geti dogo, ikabidi tuzunguke. Njiani wa Gulu alisema tungeitazama sehemu ya pili wiki inayofuata, lakini mitihani imeingia. Bado imo katika kompyuta yangu. Nafasi imejaa na nilitaka kuifuta nipakue vitabu, yule msichana akaniomba nisiifute.